Installer mpya haioni diski kwenye seva ya zamani: usifute RAID, tatizo ni draiva

Swali:

"Habari mtaalamu. Saccos yetu ina seva HP ProLiant DL380 G7 tuliyonunua used, ina diski nne za SAS kwenye RAID 5, inaendesha CentOS 7 na mfumo wa wanachama uko humo humo kwenye MariaDB. Nimesikia CentOS 7 haipati tena apdeti nikaamua niweke Rocky Linux 8. Nimechoma flashi ikabuti vizuri tu, lakini pale pa kuchagua diski inasema hakuna diski hata moja. Nikichomoa flashi CentOS 7 inawaka kama kawaida. Fundi mmoja kaniambia RAID imeharibika niingie F8 niifute niunde upya, mwingine anasema nibadili BIOS iwe UEFI au niweke AHCI, mwingine kanipa maneno ya kuongeza kwenye boot, nomodeset na acpi=off, nimejaribu hamna kitu. Nifanyeje, na data iko salama?"

Jibu:

Mkuu, jambo la kwanza kabla hujasoma chini: F8 (menyu ya mipangilio ya RAID) usiiguse. Ukiingia pale ukachagua kufuta logical drive (ile diski moja ya kimantiki iliyoundwa kwa diski zako nne) umefuta daftari zima la wanachama, na kuunda RAID upya yenye jina lile lile hakurudishi chochote. Huyo fundi wa kwanza msikilize kwa mambo mengine ila kwa hili hapana.

Pili, punguza presha. Ulichoeleza mwenyewe kina jibu ndani yake: ukichomoa flashi CentOS 7 inawaka. Seva ni ile ile, kontrola ile ile, diski zile zile, kilichobadilika ni mfumo tu. Kwa hiyo tatizo liko kwenye mfumo mpya, haliko kwenye diski. Data yako kwa sasa iko pale pale ilipokuwa. Uamuzi wa kuhama ni sahihi pia, CentOS 7 ilifikia mwisho tarehe 30 Juni 2024, na seva yenye hela za watu haifai kukaa bila apdeti za usalama.

Sasa kwa nini installer haioni diski. Watu wengi wanadhani kama BIOS inaona diski basi na Linux lazima ione, na hapo ndipo wanapopotea, maana hizo ni njia mbili tofauti kabisa. Ukiwasha G7 yako, kontrola yake ya RAID, inaitwa Smart Array P410i na imejengwa humo humo kwenye bodi, inaleta kijiprogramu chake (ndicho kile kinachoandika kwenye skrini una logical drive ngapi na kukuambia ubonyeze F8). Kijiprogramu hicho ndicho kinachoipa BIOS uwezo wa kusoma zile diski nne kana kwamba ni diski moja. GRUB (programu inayoiwasha Linux) nayo inapita njia hiyo hiyo ya BIOS, inasoma kerneli (kiini cha Linux) na faili la initramfs (kifurushi chenye draiva za mwanzo), inavipakia kwenye memori, halafu kazi yake imeisha. Kuanzia hapo kerneli haipiti tena kwa BIOS, inataka iongee na kontrola moja kwa moja kwa draiva yake yenyewe, na isipokuwa na draiva hiyo basi kwake yeye hakuna diski, hata kama BIOS sekunde kumi zilizopita ilikuwa inazisoma vizuri. Wewe ulibuti kwa flashi kwa hiyo kerneli ilifika salama, ikageuka kutafuta diski, ikakuta patupu.

Draiva ya P410i inaitwa hpsa. Na hapa kuna kitu kinachowachanganya hata mafundi wazoefu: hpsa IPO ndani ya Rocky 8. Ukiitafuta utaikuta. Ila draiva inakuwa na orodha ya namba za kadi inazozikubali, kama mlinzi wa geti mwenye karatasi ya majina, kadi ambayo namba yake haimo haipiti hata ikae nje mwaka mzima. Red Hat walipotoa RHEL 8 (Linux yao ya kibiashara) mwaka 2019 waliziondoa kwenye orodha kadi kadhaa za zamani ikiwemo P410i. Rocky inajengwa kufuata RHEL hatua kwa hatua kwa hiyo imerithi orodha iliyopunguzwa. Sio bagi na wala hujakosea kuchoma flashi. Wenye seva za Dell za rika hilo nao limewakuta, mfano kadi ya PERC H200 inayotumia chip ya SAS2008.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Buti tena flashi ya Rocky, ukifika kwenye skrini ya installer bonyeza Ctrl+Alt+F2 upate laini ya amri, kisha andika:

lspci -nnk -d 103c:

Utaona kadi imeandikwa Smart Array na namba [103c:323a], chini yake Subsystem [103c:3245], hiyo ya pili ndiyo inayosema hii ni P410i hasa. Maana yake kerneli inaiona kadi kama kifaa. Kinachokosekana ni mstari mmoja tu, "Kernel driver in use: hpsa". Sasa andika amri hiyo hiyo ukiwa kwenye CentOS 7 yako, mstari huo utaukuta. Tofauti ya hizo skrini mbili ndio tatizo lako lote, na ukimwonyesha yule fundi wa F8 nadhani mjadala utaisha.

Tuje kwenye ushauri mwingine uliopewa. UEFI: DL380 G7 haina UEFI kabisa, ni BIOS ya kizamani, kwa hiyo hata ukizunguka kwenye F9 (mipangilio ya BIOS) mpaka asubuhi hutaikuta. AHCI: hilo ni suala la chip ya SATA ya kwenye bodi, na kwenye G7 hiyo inahudumia mlango wa DVD, diski zako za mbele zinapita kwa P410i ambayo haina habari na AHCI. Ushauri huo ni wa kompyuta za mezani umeletwa mahali pasipo pake. nomodeset inahusu skrini, inasaidia ukipata kioo cheusi au maandishi ya kucheza, diski haigusi. acpi=off ndiyo imenikera kidogo, kwenye seva yenye prosesa mbili inaweza kukuletea matatizo mapya ambayo hukuwa nayo, tafadhali iondoe kabisa na usiiache kwenye GRUB ya kudumu. Na kuna ushauri wa nne hujaupewa ila utaupewa tu: "ongeza hpsa kwenye dracut". Dracut ndiyo inayotengeneza initramfs, na amri ya dracut --add-drivers inahakikisha moduli inaingia kwenye initramfs, ni nzuri pale moduli imesahaulika, lakini hapa moduli haijasahaulika, orodha yake ndiyo fupi. Utaongeza hpsa mara mia na bado itaipita kadi yako.

Unafanyaje basi. Njia ziko tatu za maana na nitakuambia nafikiri nini kwa kila moja.

Ya kwanza, na ndiyo ningeifanya mimi kwenye seva hiyo, ni AlmaLinux badala ya Rocky. Ni ndugu wa damu, amri zile zile, vifurushi vile vile, ila AlmaLinux kuanzia toleo 8.10 na 9.4 walirudisha kwenye hpsa na draiva nyingine kadhaa zile kadi ambazo Red Hat waliziondoa. Unachoma flashi, unabuti, diski inaonekana, basi. Swali linabaki 8 au 9. Prosesa za G7, Xeon za familia ya 5600, zinakidhi kiwango ambacho toleo la 9 linadai, kwa hiyo upande wa mashine uko sawa. Angalia mfumo wenu wa wanachama. Kama umeandikwa kwa PHP na unatumia ile ya CentOS 7 yenyewe basi ni PHP 5.4, na toleo la 9 linaanzia PHP 8.0, hapo kodi nyingi za zamani zinavunjika vibaya. Toleo la 8 linakupa PHP 7.2 au 7.4, kuna afadhali ingawa nako lazima mjaribu kwanza. La 8 lina apdeti mpaka 2029 na la 9 mpaka 2032. Muulize aliyewaandikia mfumo kabla hujachagua. Toleo la 10 achana nalo, la kawaida linadai prosesa mpya kuliko zako.

Njia ya pili ni kubaki na Rocky na kuipa draiva kwa mkono. Mradi wa ELRepo unatoa vifaili vya ISO vya draiva, viko vya hpsa pia. Unaandika ISO hiyo kwenye flashi ya pili, unabuti flashi ya Rocky, kwenye menyu ya kwanza unabonyeza Tab (kwenye BIOS ni Tab, ile herufi e unayoiona kwenye maelezo mengi ni ya UEFI) mwisho wa mstari unaongeza nafasi na inst.dd kisha Enter, itakuuliza draiva iko wapi unaichagua. Ukiipa ile flashi ya pili lebo OEMDRV installer inaichukua yenyewe bila kuulizwa. Angalizo ni kwamba ISO ya draiva lazima ilingane na toleo dogo, ya 8.10 kwa 8.10, usichanganye. Njia hii inafanya kazi na watu wengi wanaishi nayo, lakini ina mzigo wa kudumu: kila kerneli mpya ikija unatakiwa uhakikishe draiva imeingia nayo kabla ya kurebuti. Siku mtu akipiga dnf upgrade Ijumaa jioni na kurebuti bila kuangalia, Jumatatu mtakuta seva imesimama kwenye skrini ya dracut emergency inalalamika haioni root (diski yenye mfumo). Ikitokea hivyo sio mwisho wa dunia, unarebuti, kwenye menyu ya GRUB unachagua kerneli ya chini yake, ya zamani, inawaka, halafu unatafuta kmod-hpsa (kifurushi cha draiva hiyo cha ELRepo) inayolingana. Lakini kwa saccos isiyo na mtu wa IT muda wote sioni sababu ya kujipa kazi hiyo wakati njia ya kwanza ipo.

Ya tatu ni Debian 12, kerneli yake haijapunguziwa orodha, P410i inaonekana tu. Shida ni kwamba unabadilisha tabia zote, apt badala ya dnf, faili zinakaa sehemu nyingine, na kama wewe umezoea CentOS basi utahangaika mwezi mzima. Kama tayari unaijua, endelea.

Kuna watakaokuambia toa P410i weka kadi nyingine. Inawezekana, lakini elewa kwamba RAID 5 yako imeandikwa kwa mpangilio wa Smart Array, ukizichomeka diski hizo kwenye HBA ya kawaida (kadi ya diski isiyo na RAID) utaona diski nne zenye takataka, sio mfumo wako. Kwa hiyo hiyo ni njia ya mtu mwenye bakapu kamili anayeanza upya.

Ambalo ningekushikilia mkono ni hili la kuinstoli wapi. Usiinstoli juu ya CentOS 7. DL380 G7 ya diski ndogo inakuja na nafasi nane mbele, wewe umetumia nne. Tafuteni diski mbili za SAS za inchi 2.5, used zenye afya zinatosha kwa kuanzia, muziweke kwenye nafasi tupu, hapo sasa F8 ina kazi halali: unaunda logical drive MPYA ya RAID 1 kwa hizo mbili tu, unasoma kila skrini mara mbili uhakikishe zile nne za zamani hazijawekewa alama. Mfumo mpya unaingia kwenye hizo mbili. Ile RAID 5 inabaki kama ilivyo, ukikwama unarudi kwenye CentOS 7 na kazi ya kesho inaendelea. Pale kwenye installer diski zitaonekana mbili, chagua kwa ukubwa wake na hakikisha ya zamani haina tiki. Na hii diski ya kubutia ifanye ndogo, chini ya TB 2, ukivuka hapo BIOS ya kizamani na mpangilio wa MBR vinaanza kukusumbua.

Baada ya hapo ndio mipangilio ya boot. Hiyo hiyo menyu ya F8 ina sehemu ya Select Boot Volume, ndipo unapoiambia kontrola ianzie logical drive ipi. F9 ina vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya: Standard Boot Order ni mpangilio wa aina za vifaa, yaani DVD, flashi, diski, mtandao, na Boot Controller Order ni kontrola ipi ianze kama ziko zaidi ya moja. P410i iwe ya kwanza kwenye hiyo ya pili. Kwa kubuti flashi mara moja huna haja ya kubadili chochote, bonyeza F11 wakati inawaka uchague USB. Jambo dogo linalouma: kwenye BIOS hizi flashi inaweza kujifanya diski ya kwanza, na GRUB ikaenda kuandikwa kwenye flashi. Kila kitu kinakwenda vizuri mpaka siku unachomoa flashi ndio seva inakuambia hakuna mfumo. Kwa hiyo chini kabisa ya ukurasa wa kuchagua diski kuna kiungo cha muhtasari wa bootloader, kifungue uone inaandikwa diski gani.

Ukimaliza kuinstoli, kabla ya rebuti yoyote inayofuata apdeti ya kerneli, jizoeze kupiga hii:

lsinitrd /boot/initramfs-TOLEO.img | grep hpsa

pale penye TOLEO weka namba ya kerneli mpya. Ikikupa mstari unaoishia hpsa.ko.xz moduli imo. Isipokupa kitu usirebuti. Na kama baada ya kuwaka unakuta dmesg (ujumbe wa kerneli) imejaa neno DMAR huku diski zinakwama kwama, bonyeza e kwenye GRUB, mwisho wa mstari unaoanza na linux ongeza intel_iommu=off, kisha Ctrl+X. Hiyo inadumu kwa kuwaka huko tu. Ikisaidia unaiweka moja kwa moja kwa grubby --update-kernel=ALL --args="intel_iommu=off". Kama hujaona DMAR usiiweke. Sababu ya kuijaribu kwanza kwa e ni kwamba ukikosea unarebuti tu inapotea.

Nimesema data iko salama, ila kuna kitu nataka ukiangalie leo leo. RAID 5 inavumilia diski moja kufa na seva ikaendelea kuwaka kama hakuna kilichotokea, kwa hiyo CentOS 7 kuwaka sio ushahidi kwamba diski zote nne ni nzima. Nenda mbele ya seva uangalie taa, ya rangi ya chungwa ni habari mbaya. Kisha weka kifurushi cha ssacli cha HPE kwenye CentOS 7 upige ssacli ctrl slot=0 pd all show status. Zote nne zinatakiwa kusema OK. Ukiona Predictive Failure au Failed, simamisha mpango mzima, toa bakapu, badilisha diski, subiri ijijenge, ndio turudi kwenye Rocky na AlmaLinux. Angalia pia ssacli ctrl slot=0 show, sehemu ya betri au kapasita ya kashe (memori ya muda ya kontrola). Kwenye seva za umri huu betri nyingi zimekufa, kontrola ikigundua hivyo inazima kashe ya kuandika na mfumo unakuwa mzito. Mtu atakushauri uiwashe kwa nguvu bila betri. Kwa umeme wetu unaokatika usikubali, umeme ukienda data iliyokuwa kwenye kashe imekwenda nayo, ni bora mzito.

Bakapu yenyewe: mysqldump ya kila database peke yake, usibebe zote kwa pamoja na zile jedwali za ndani za MariaDB, maana unatoka 5.5 kwenda 10 na kitu, watumiaji na ruhusa unaziunda upya kwa mkono. Nakili kwenye diski ya nje, halafu irudishe kwenye kompyuta nyingine yoyote uone inafunguka na salio la wanachama wawili watatu linalingana. Bakapu isiyojaribiwa sihesabu kama bakapu.

Mahali pa kuacha kibodi na kuita mtu aje ana kwa ana ni hapa: seva ikiwaka ikakuuliza ubonyeze F1 kuendelea huku logical drive zimezimwa au F2 kukubali kupoteza data, usibonyeze F2. Zima, usichomoe diski wala kuzihamisha nafasi, tafuta mtu anayezijua Smart Array kweli kweli. Hali kadhalika diski mbili zikionyesha kufa kwa pamoja, au ukisikia diski inagonga. Hapo kila jaribio la kujifunza linapunguza nafasi ya kuokoa, na gharama ya kumleta fundi kutoka mjini ni ndogo kuliko kuwaelezea wanachama salio zao zimekwenda wapi.

Vinginevyo hii kazi unaiweza mwenyewe. Anza na ssacli na mysqldump wikiendi hii, diski mbili mkizipata choma AlmaLinux. Kama G5 nazo mnazo, zile zenye kontrola ya P400, usifuate maelezo haya juu kwa juu, kwenye mifumo ya zamani zilitumia draiva ya cciss na majina ya diski ni ya aina ya /dev/cciss/c0d0, ukihamia kerneli mpya yanageuka kuwa /dev/sda na fstab (faili la orodha ya diski za kufungua wakati wa kuwaka) isiyotumia UUID (namba ya kudumu ya diski) inakwama, niandikie tuione peke yake.